Vyombo ni vya Nani? Besi ya Umeme katika Ukingo wa Rumonge

Gitaa la besi la umeme ni mgeni katika ukingo wa Tanganyika, lakini swali linalozuka siku linapouzwa ni la kale kuliko gitaa lenyewe: mwenye chombo ni nani? Mtu akitoa sokoni Rumonge besi kuukuu ya aina adimu, ile yenye tumbo nusu wazi na matundu mawili marefu yaliyochongwa kandokando ya nyuzi, mnunuzi wa Ulaya au Marekani atataka kwanza kujua imetoka kiwanda gani na mwaka gani. Ni maswali ya haki. Kwa ukingo huu, kuanzia Bujumbura kushuka Rumonge hadi Nyanza-Lac, hayatoshi, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya historia yake besi haikuwa mali ya aliyeipiga. Ilikuwa ya studio, ya mwenye baa, ya chama, ya redio au ya kanisa. Ninashikilia kwamba desturi hiyo ya umiliki, kuliko unyevu wa ziwa na kuliko hata vita, ndiyo inayoeleza kwa nini besi za zamani ni haba upande huu. Na kwamba ile ya nusu wazi ina thamani ya pekee hapa kwa kuwa ndiyo iliyokaribia zaidi kuwa chombo cha mtu binafsi.

Burundi ilikuwa na jibu lake kuhusu umiliki wa vyombo zamani sana, kabla ya waya wowote wa umeme. Ngoma za kifalme hazikuwa za wapigaji. Zilikuwa za mwami, yaani mfalme, na karyenda, iliyo kuu kuliko zote, ilikuwa alama ya ufalme wenyewe. Wapigaji, yaani abatimbo, walitoka katika koo zilizokabidhiwa kazi hiyo, nao walizitunza ngoma katika mahali maalumu kama Gishora, karibu na Gitega, panapohusishwa na Mwezi Gisabo, mwami aliyetawala katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mpigaji alirithi wajibu. Hakurithi kitu cha kupeleka sokoni. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini fikra kwamba chombo kikubwa lazima kiwe na mamlaka juu yake haikufutwa nao. UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na Oktoba 2017 amri ya rais ikaweka masharti: vikundi vijiandikishe serikalini, wanawake wasipige, na maonyesho nje ya sherehe rasmi yaombewe kibali na kulipiwa ada ya faranga 500,000. Naiona amri hiyo kuwa hasara kwa sanaa inayodai kuilinda. Lakini kama ushahidi ni bora: karne moja na zaidi baada ya Mwezi Gisabo, bado kuna anayeulizwa ruhusa kabla fimbo haijagusa ngozi.

Kuna atakayepinga hapa, na ana haki. Burundi haikuwa ngoma za mwami peke yake. Kulikuwa na inanga, umuduri na ikembe, vyombo ambavyo mtu alijitengenezea au kutengenezewa na jirani, akavipiga nyumbani kwake jioni na kufa navyo. Havikuwa na bwana mwingine. Hilo ni kweli, na ndilo linalotuonyesha mpaka ulipo. Chombo kilichoweza kuimba chenyewe, mikononi mwa mtu mmoja, bila kundi na bila uwanja, kilikuwa cha mtu. Chombo kilichohitaji kundi, mahali na mlinzi kilikuwa cha mwenye mahali. Gitaa la kawaida la mbao, lile lililoenea Katanga na kuifanya sauti ya Jean-Bosco Mwenda ivume baada ya Hugh Tracey kumrekodi mwaka 1952, lilikaa upande wa inanga. Mtu alilinunua kwa mshahara wa mgodini au wa ofisini, akalitundika ukutani kwake. Besi ya umeme ilipokuja ilikaa upande wa ngoma. Haikuwa na maana bila mashine ya kukuza sauti, spika, jenereta au waya wa umeme, mpiga solo, mpiga rithimu na watu wa kucheza. Aliyeweza kukusanya vyote hivyo hakuwa mpigaji.

Ni vyema kukumbuka jinsi bidhaa zilivyofika ukingo huu, kwa kuwa Rumonge haikuwa kijiji kilichojificha. Wafanyabiashara wa Ujiji walivuka na kushuka ziwa hili kwa mitumbwi na majahazi karne ya 19, wakibeba nguo, chumvi, mawese na pembe, na wakati wa Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, nguvu ya Ujiji ilihisiwa ukingo mzima wa kaskazini. Mapadri Weupe walijaribu kuweka misheni Rumonge mwaka 1879. Mei 1881 Wazungu watatu wa misheni hiyo waliuawa, nayo ikafungwa. Kilichobaki ni mji wa Kiswahili, misikiti, samaki na michikichi, ukitazamana na rasi ya Ubwari upande wa Kongo. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kuanzia 1921 Wabelgiji walikuwa na maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, na mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Mzigo mzito kutoka Ulaya kwenda Usumbura, Bujumbura ya leo, ulikuwa na njia kubwa iliyonyooka: meli, reli, kisha ziwa. Sahani za santuri, redio na vyombo vya muziki vilikuwa sehemu ya mzigo huo. Kiwanda cha bia cha Brarudi kilianzishwa mwaka 1955, na palipo na bia baridi panatafutwa muziki. Hivyo mwenye baa alikuwa na sababu ya kununua vyombo kabla mpigaji hajawa na uwezo wa kuviota.

Kielelezo cha umiliki huo kilitoka Léopoldville, Kinshasa ya leo. Studio za Ngoma, Loningisa na Opika, zilizoanzishwa na wafanyabiashara waliotoka ng'ambo, wengi wao Wagiriki, ziliwaajiri wanamuziki na kuwapa vyombo vya kurekodia. Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazi kutoka Ubelgiji, alileta gitaa la umeme mjini humo mwaka 1953 kwa ajili ya studio ya CEFA. Gitaa liliingia kwa mlango wa kampuni. Bendi ya OK Jazz ilipozaliwa mwaka 1956 ilichukua herufi zake kutoka kwa Oscar Kashama, mwenye baa walipopigia. Zaidi ya hapo hatuna haja ya kusoma mkataba wowote: jina la mwenye mahali lilikuwa juu ya jina la wapigaji. Bado wakati huo besi ilikuwa ile kubwa ya kusimama, kama ya muziki wa Ulaya, na taratibu, miaka ya 1960 ikiendelea, ile ya umeme ikashika nafasi yake. Santuri za studio hizo zilisikika ukingo mzima wa ziwa, Buyenzi mjini Bujumbura na Rumonge kama Uvira na Kigoma, nazo zikafundisha masikio ya watu kwamba dansi bila besi halijakamilika.

Upande wa mashariki wa ziwa ushahidi ni wazi zaidi, kwa sababu umeandikwa katika majina. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanzania. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kilipokuwa OTTU, bendi ikawa OTTU. Leo wapenzi wanaiita Msondo Ngoma. Wapigaji walikuwa walewale au wanafunzi wao, lakini jina lilimfuata mwenye vyombo. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikahamia mikononi mwa shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ndiyo maana ya DDC Mlimani Park. Miaka miwili baadaye kundi la wanamuziki wake liliondoka kwenda International Orchestra Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara. Waliondoka na sauti zao, vidole vyao na tungo walizokuwa nazo kichwani. Vyombo walivyokuwa wakipigia vilibaki, maana mwenyewe alikuwa yuleyule. Burundi ilikuwa na sura yake ya jambo hilo katika Amabano, bendi ya taifa, ambayo wapigaji wake hawakuwa wakipigia vyombo vya ukoo. Unapoelewa hivyo, unaelewa pia kwa nini soko la besi za mitumba lilikuwa dogo. Hakuna anayeuza kisicho chake. Chombo cha bendi kiliazimwa, kilikodishwa, kilizuiwa kwa deni, kilirekebishwa mpaka mbao zikachoka, kisha kikafia stoo.

Sasa tuitazame besi yenyewe, maana aina yake ina neno katika hoja hii. Leo Fender alitoa besi yake ya mbao nzima mwaka 1951, ubao uliojaa usio na uwazi wowote. Mwaka 1958 Gibson wa Kalamazoo walitoa EB-2, tumbo lake limeundwa kwa mbao nyembamba za tabaka, na katikati limepitishwa gogo linaloshika daraja na shingo. Mbavu mbili zikabaki wazi. Ilitengenezwa hadi mwaka 1972, isipokuwa miaka michache ya mwanzo wa 1960 iliposimamishwa. Ndugu yake Epiphone Rivoli alifuata mwaka 1959, na Guild Starfire mwaka 1965. Ujerumani kulikuwa na Höfner, aliyeanza kutengeneza besi yake ya umbo la fidla mwaka 1956, na Framus na Star Bass yake. Viwanda hivyo viwili vilikuwa katika mji mdogo wa Bubenreuth, Bavaria, uliokuzwa na mafundi wa fidla na magitaa waliofukuzwa Schönbach, Chekoslovakia, baada ya Vita Kuu ya Pili. Watu waliopoteza nyumba na karakana walianza tena kwa ujuzi uliokuwa mikononi mwao. Nalitaja hili kwa uzito, kwa kuwa historia ya Rumonge nayo ni historia ya watu waliofukuzwa, na tofauti ya kilichofuata inafundisha.

Besi ya mbao nzima isiyochomekwa popote haisikiki nje ya goti la mpigaji. Ile ya nusu wazi inasikika, kwa unyonge, lakini inasikika chumbani. Tumbo lake linapokea mtetemo wa nyuzi na kuurudisha hewani kupitia matundu. Kwa mtu wa Brussels hilo ni jambo dogo la ladha. Kwa nchi ambayo hata katika miaka ya karibuni ni takriban mtu 1 tu kati ya 10 aliyeunganishwa na umeme, ni tofauti kati ya kuweza kujifunza nyumbani na kutoweza. Mpigaji mwenye besi ya namna hii angeweza kuirudia mistari ya santuri usiku bila ruhusa ya mwenye jenereta. Shingo nayo kwa kawaida ni fupi, nyuzi za EB-2 zikiwa na urefu wa sentimita 77 hivi dhidi ya 86 za Fender, kwa hiyo kijana aliyetoka kwenye gitaa la kawaida hakupata tabu kubwa ya vidole. Hivi ndivyo ninavyosema kwamba aina hii ilikaribia kuvuka ule mpaka, kutoka upande wa ngoma kwenda upande wa inanga.

Ilikaribia, lakini haikuvuka, na fundi yeyote atakuwa na maelezo yake tayari. Atasema kwamba uchache wa besi hizi hauhitaji falsafa ya umiliki. Tumbo lililo wazi, likiwekwa karibu na spika yenye sauti kubwa, hupokea mtetemo wake, huurudisha, na mlio wa kukera hujaa uwanjani. Kwa baa isiyo na kuta, ambako sauti lazima ipandishwe ifike barabarani, besi ya mbao nzima ni salama zaidi. Atasema pia kwamba hewa ya ukingo ni nzito, tabaka za mbao huachana gundi inapolegea, kutu hula sumaku na swichi, na kuzitengeneza nyaya kunataka uvumilivu wa kuzivuta zote kupitia tundu jembamba. Yote hayo ni kweli. Lakini hayatoshi kueleza uchache. Hewa nzito haikuzuia gitaa la kawaida, ambalo tumbo lake ni wazi kabisa na mbao zake ni dhaifu zaidi, lisienee Kongo yote. Eneo letu limejaa ushahidi wa magitaa yaliyofungwa kwa vipande vya bati na kutiwa waya za breki za baiskeli yakaendelea kuimba. Kinachookoa chombo dhaifu ni mtu anayekiona chake, anayekifuta vumbi asubuhi na kukitoa mvuani. Chombo cha stoo ya baa au ofisi ya chama hakina mtu huyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo halijibiwi kwa haraka. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, na watu wengi wakauawa na waasi. Kisasi cha serikali kiligeuka kuwa mauaji ya nchi nzima, ambayo Warundi huyaita Ikiza; makadirio huenda kutoka watu 100,000 hadi 300,000. Waliowindwa hasa walikuwa Wahutu wenye elimu na kipato: walimu, makarani, wanafunzi, wafanyabiashara. Ni tabaka lilelile lililokuwa na uwezo wa kununua magitaa. Waliosalia walivuka kwenda Tanzania na Zaire. Huko Tanzania walipangiwa makazi ya Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Kisha vita vya kuanzia 1993, na vikwazo vya nchi jirani kuanzia 1996 hadi Januari 1999, vilivyoifanya mizigo ipite ziwani kwa kificho na kwa bei ya juu. Je, baada ya haya yote ni lazima kutafuta sababu nyingine ya besi kupotea?

Ni lazima, na mfano wenyewe uko Ulyankulu. Katika makazi hayo ya wakimbizi kulitokea kwaya iliyojulikana Tanzania nzima kwa kanda zake, Kwaya ya Barabara ya 13. Watu waliofika bila kitu walipata tena sauti ya magitaa, kwa sababu kanisa lilikuwa pale kuyanunua na kuyatunza. Vita viliondoa vyombo. Havikuondoa uwezo wa kuvipata upya. Lakini tazama vilirudi kwa umiliki gani: kwa umiliki wa taasisi, kama vilivyokuwa vya chama Dar es Salaam na vya studio Léopoldville. Mafundi wa Bubenreuth walianza tena kama wenye karakana. Wanamuziki wa ukingo wetu walianza tena kama watumiaji wa vyombo vya wengine. Hilo halipunguzi hata chembe heshima ya kanisa, ambalo limefundisha vijana wengi kupiga besi kuliko baa zote za ziwa. Linaeleza tu kwa nini kijana huyo akihama, akiolewa mji mwingine au akigombana na kiongozi wa kwaya, huondoka mikono mitupu.

Swali la mali ya nani Rumonge inalijua kwa uchungu kuliko mahali pengi. Mashamba yaliyoachwa mwaka 1972 yaligawiwa wengine, mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi ya serikali, na wenyewe walipoanza kurudi baada ya Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 walikuta watoto wa watu wengine wamekulia hapo. Mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya kushughulikia ardhi na mali nyingine. Ardhi ndiyo iliyoishughulisha, na ndivyo ilivyopaswa, maana mtu hula kutoka shambani. Zile mali nyingine, baiskeli, cherehani, redio, magitaa, hazikuwa na hati wala mpaka wa kuoneshwa kwa kidole. Kwa hiyo besi yoyote ya miaka ya 1960 inayojitokeza leo Rumonge au Nyanza-Lac ina pengo la mwaka 1972 katikati ya maisha yake, na mnunuzi mwadilifu hawezi kulirukia pengo hilo kwa kutazama rangi na swichi. Gibson nyingi za tumbo wazi zina karatasi iliyogandishwa ndani, inayosomeka kupitia tundu la juu, yenye namba na jina la modeli. Karatasi hiyo inasema besi ilitoka Kalamazoo. Haisemi ilikuwa mikononi mwa nani usiku wa 29 Aprili.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumzuia maskini asiuze. Soko la dunia liko tayari kulipa, faranga ya Burundi imeshuka thamani, na mwenye besi ya nusu wazi iliyosalia ana watoto wa kusomesha. Kwa nini abebeshwe mzigo wa historia ambao muuzaji wa London habebeshwi? Nakubali nusu ya hoja hiyo bila kusita. Auze. Sioni ubaya wowote wa chombo kuondoka ikiwa kwa mara ya kwanza anayekiuza ndiye mwenyewe, na fedha zinaingia nyumbani kwa mpigaji badala ya kwa mwenye baa. Kwa historia niliyoieleza, hiyo ni hatua mbele. Lakini nusu ya pili inamdhulumu muuzaji huyohuyo. Chombo kisicho na habari huuzwa kwa bei ya mbao na sumaku. Chombo kinachojulikana bendi iliyokipiga, aliyekileta, ukumbi kilimolia na njia kilizopitia huuzwa kwa bei nyingine kabisa, na wakusanyaji wa Ulaya wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Mara nyingi huandika wao hiyo historia baada ya kununua, kisha faida ikawa yao.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wenye vyombo, wawe watu, kwaya au vyama. Makumbusho ya Taifa ya Gitega yalianzishwa mwaka 1955 na yanatunza vitu vya enzi ya wafalme. Besi ya umeme iliyopigwa Buyenzi au Rumonge inastahili nafasi karibu na ngoma hizo, na viongozi wa utamaduni wanaweza kulifanya hilo kwa gharama ndogo kuliko ya sherehe moja. Hadi hapo, anayeuza na aandike karatasi moja kabla ya kupokea fedha: namba ya chombo, majina ya waliokipiga kwa ridhaa yao au ya jamaa zao, mwaka na mahali, na jinsi kilivyomfikia. Nakala moja ibaki nyumbani, moja imfuate mnunuzi. Kisha amuulize kwanza mpigaji wa ukingo huu kama anaweza kukinunua kwa awamu, kabla hakijapakiwa kwenda mbali.